Faili Lililotoka Saa Kumi

Mlangoni mwa chumba chetu cha kompyuta palibandikwa karatasi moja: VUA VIATU. Mkuu wa chuo aliamini kwamba vumbi la Dodoma likiingia kwa soli moja tu linatosha kuua mashine zote tano, na kwa kuwa mashine zenyewe zilikuja za msaada, zimeshatumika huko zilikotoka, hakuna aliyetaka kujaribu kumbishia. Kwa hiyo kila asubuhi ungekuta safu ya viatu ukutani, na kwa kuvitazama tu ungejua nani yumo ndani. Vya mama huyu ninayemkumbuka leo vilikuwa vyeusi, vya ngozi, visigino vimelika upande mmoja, na siku zote alivipanga vikitazama nje. Nilipomuuliza sababu alisema, "Ili wakiniambia nitoke, nisihangaike kuvigeuza."

Alikuwa anatania, lakini si sana.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashirika yalikuwa yanauzwa na ofisi zinapunguza watu. Mtu akikuambia fulani kapata barua, hukuuliza ni barua ya nini. Mama huyu alikuwa na umri wa mama yangu mzazi. Alizaliwa Chamwino, anaishi Chang'ombe, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisimamia chumba cha makarani wa takwimu za kilimo katika ofisi moja ya mjini. Chumba hicho kilikuwa kinafungwa. Makarani wake wengi walishapata barua zao. Yeye na wengine wachache walipewa nafasi ya mwisho: kozi ya miezi sita chuoni kwetu, na mwishoni kila mmoja asimame mbele ya jopo aonyeshe programu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Atakayeridhisha atahamishiwa kitengo kipya cha kompyuta. Asiyeridhisha atakwenda nyumbani.

Mimi nilikuwa mwalimu wao, binti wa miaka ishirini na sita. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, lakini tukishavuka mlango yeye ndiye aliyenyoosha mkono na kuniita mwalimu. Hali hiyo sikuizoea hadi mwisho.

Wenzake walichagua kazi za kawaida, orodha za watumishi na barua za ofisi. Yeye alichagua kitu ambacho nilikuwa nimekieleza siku moja kwa kukipenda tu, bila kutegemea kwamba mtu atakitaka. Nilikuwa nimerudi na flopi kadhaa kutoka masomoni, na ndani yake mlikuwa na kiigizaji, yaani programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kwa wakati mmoja. Mashine za kweli za namna hiyo hatukuwa nazo, wala hatukujua nani anazo. Lakini ukiwa na kiigizaji unaweza kujifunza jinsi ya kuziandikia programu, ukaona zinavyogawana kazi na zinavyosubiriana.

"Ngoja, mwalimu," alisema siku ile. "Unasema kazi moja wanagawiwa wengi, kila mmoja anajumlisha fungu lake, halafu mmoja anakusanya?"

"Ndiyo, mama."

"Na ambaye hajamaliza anasubiriwa."

"Anasubiriwa. Asiposubiriwa jumla inatoka pungufu."

"Basi hicho ni chumba changu," alisema. "Wasichana kumi na wawili, meza moja ndefu, kila mmoja na kata zake. Mimi nakaa mwisho wa meza napokea."

Nilikuwa nimehangaika muhula mzima huko masomoni kukielewa kitu ambacho yeye alikuwa akikisimamia tangu mimi nasoma shule ya msingi.

Kijana mmoja wa masijala aliyekuwa darasani alimtania. "Mama, mashine hizi zinataka damu changa."

"Zikitaka damu zipelekeni hospitali," alimjibu bila kugeuka. "Mimi nimeziletea hesabu."

Hesabu yenyewe ilikuwa mavuno ya uwele na mtama, kata kwa kata, kutoka kwenye karatasi za zamani alizoruhusiwa kuzichukua ofisini kwake. Aliiandika programu vizuri kuliko nilivyotarajia. Mistari yake ilikuwa mifupi na safi, kama mtu anayetoa maagizo mezani. Shida haikutoka kwenye programu. Ilitoka kwenye mpangilio wa kompaila.

Nieleze kidogo, maana hapo ndipo mambo yalipokwama. Mashine haisomi mistari tunayoiandika sisi. Lazima kwanza igeuzwe iwe maagizo ya lugha yake, na anayeigeuza ni kompaila. Sasa, zile kompyuta za kuigiza hazikuwa na lugha sawa na ile ya kompyuta iliyozibeba. Kwa hiyo tulikuwa na kompaila mbili ndani ya mashine moja. Ya kwanza ilijengea mashine yenyewe, ya pili ilijengea zile za kuigiza. Palikuwa na faili dogo la mpangilio, mistari michache tu, linalosema kompaila ipi itumike, maktaba yake iko wapi, na wafanyakazi wa kuigiza wawe wangapi. Mstari wa kwanza ukikosewa, kompaila isiyohusika inafanya kazi yake vizuri kabisa, hailalamiki, inakupa programu kamili. Ukiipeleka kwa kiigizaji, kinaikataa.

"Kwa hiyo ni mkalimani," alisema nilipomweleza. "Nimempeleka wa Kimasai kwa Wagogo. Kimasai chake hakina kosa, ila nimempeleka kijiji sicho."

Sikuwahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimeyatumia kwa wanafunzi wengi baadaye.

Mimi nina tabia moja ya kufundisha. Nikishamwonyesha mtu jinsi ya kurekebisha kosa, nalirudisha kosa lile lile mahali pake, kisha namwambia, haya, sasa ondoa wewe. Nilidhani ndiyo njia ya kumfanya aamini mikono yake. Jumatatu ya wiki ya mwisho nilimwonyesha mstari wa kompaila, nikaurekebisha, nikajenga programu, kiigizaji kikaikubali. Nikaurudisha mstari ulivyokuwa, nikajenga tena ili aone kinavyokataa. "Ukipata nafasi mchana, rekebisha," nikamwambia.

Nafasi yake ilikuwa ya mchana tu, kwa sababu ya mgao. Umeme ulikatika kila siku saa tano, darasa likaishia hapo, ukarudi kama saa sita u nusu. Wengine walikwenda kula. Yeye alikula karanga zake nje kwenye ngazi, umeme ukirudi anavua viatu, anaingia peke yake, anawasha mashine ya tatu kutoka dirishani na kuanza kazi.

Jumanne asubuhi alikaa mbele ya mashine bila kuigusa.

"Imekubali?"

"Imekataa."

"Ulirekebisha mstari?"

"Nilirekebisha."

Nilitazama. Kweli ulikuwa umerekebishwa, sawasawa, hata nafasi kati ya maneno haikuzidi. "Ukajenga upya?"

"Nilijenga. Ikasema kazi imekamilika. Nikaipeleka kwa kiigizaji, kikasema kile kile."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaufuta mstari, nikauandika tena vilevile, nikahifadhi, nikajenga. Maandishi yakapita kwenye skrini, na kiigizaji kikaikubali programu mara moja. Wafanyakazi wanne wa kuigiza wakaanza kujumlisha uwele wa Chamwino.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Nilichofanya ndicho ulichofanya wewe, mama."

Alitazama vidole vyangu, kisha vyake.

Hapo ningeacha. Lakini tabia ni tabia. Nikarudisha kosa, nikajenga, nikamwambia ajaribu mchana. Mchana ikakataa. Jumatano tukarudia yote. Asubuhi nilipogusa mimi ilikubali, na mchana alipogusa yeye ilikataa. Nilikagua njia ya maktaba, nikakagua toleo la kompaila, nikalisoma faili la mpangilio herufi kwa herufi nikitafuta nukta iliyojificha. Sikuona kosa. Kijana wa masijala alisema mashine inamjua mwenyewe, na wengine wakacheka. Yeye hakumjibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Jumatano hiyo jioni tulitembea pamoja hadi Majengo. Alinunua mlenda mkavu, akauweka kwenye kikapu, akasema, "Mwanangu, nikuulize. Inawezekana mtu akafanya kitu sawasawa na kikakataa kwa sababu ni yeye?"

Nje ya darasa aliniita mwanangu.

"Haiwezekani, mama. Mashine haijui nani anaibonyeza."

"Ndivyo ninavyojiambia. Lakini ningekuwa mimi ni jopo, nikaona kwa mwalimu inakubali na kwa mwanafunzi inakataa, ningeandika nini?" Hakusubiri jibu. "Siogopi kwenda nyumbani. Nataka niende nikiwa nimechoka. Sasa hivi sijachoka."

Jopo lilikuwa linakuja Ijumaa.

Alhamisi asubuhi nililirudisha kosa tena, lakini chakula cha mchana nilikighairi. Nilichelewa kidogo kwa mkuu wa chuo, na nilipofika chumbani umeme ulikuwa umesharudi, naye alishawasha mashine na kurekebisha mstari. Nikavuta kiti nikakaa pembeni yake. Nikamwomba arudie kila hatua polepole, bila mimi kugusa chochote.

Akahifadhi faili la mpangilio. Akaiita programu ya kujengea. Ikajibu neno moja fupi, kwamba kila kitu kiko tayari, hakuna cha kujenga.

"Hii ndiyo unayosema kazi imekamilika?"

"Ndiyo. Si imekamilika?"

Haikuwa imekamilika. Haikuwa imeanza. Na hilo nilipaswa kuliona tangu Jumanne, kama ningemwomba anionyeshe badala ya kumwomba anieleze. Programu ya kujengea ni mvivu mwenye akili. Haijengi kitu ambacho tayari kimejengwa. Inatazama saa iliyoandikwa kwenye kila faili. Faili ulilolibadilisha likiwa na saa ya baadaye kuliko lile lililojengwa, inajenga upya. Likiwa na saa ya nyuma, inasema hakuna kilichobadilika, inalala. Nilimweleza hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

"Kama karani wangu mmoja," alisema. "Ukimpa karatasi anatazama kwanza muhuri wa saa. Kama jumla yake imegongwa baada ya karatasi, haigusi."

"Lakini wewe umebadilisha sasa hivi," nilisema. "Kwa nini inaona ni zamani?"

Nikaiomba mashine iorodheshe mafaili pamoja na saa zake. Faili la mpangilio: 6:35. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano. Sawa kabisa, nikasema moyoni, hapa hakuna kosa, nikaendelea kutafuta kwingine.

Yeye hakuendelea. Alikuwa amesogeza uso karibu na skrini, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari bila kuigusa, namna ambavyo lazima aliteremsha kidole kwenye maelfu ya karatasi mwisho wa ile meza ndefu.

"Mwalimu. Hili lililojengwa limeandikwa saa ngapi?"

"10:05."

"Ya leo?"

"Ya leo."

"Saa kumi na dakika tano." Aligeuka kunitazama. "Saa kumi ya leo haijafika."

Nilimwelewa baada ya muda, na nilipoelewa niliitazama tena saa yangu ya mkononi.

Kila asubuhi, kabla hawajaja, nilikuwa nikiwasha mashine zote tano. Betri ndogo ya ndani inayolinda saa ilishakufa katika kila moja, na betri ya namna ile tuliitafuta Majengo nzima tukaikosa. Kwa hiyo umeme ukikatika mashine ilisahau siku na saa, na ukiiwasha ilikuuliza. Mimi niliijibu kama nilivyofundishwa masomoni. Saa tatu kasorobo asubuhi niliandika 8:45. Saa nne na dakika tano, nilipokuwa narudisha kosa langu na kulijenga, mashine iliandika 10:05. Mchana umeme ulirudi, yeye akawasha, mashine ikamuuliza saa ngapi. Akaijibu kama angemjibu mtu yeyote anayemuuliza saa Dodoma. Saa sita u nusu. Akaandika 6:30.

Kwa mashine, kila alichokifanya mchana kilikuwa kimefanyika alfajiri, kabla ya mimi kuingia kazini. Faili lake bovu lililojengwa asubuhi siku zote lilionekana jipya kuliko marekebisho yake. Na kesho yake nilipokaa mimi na kuandika mstari ule ule, nilikuwa naandika na saa ya kwangu, ikakubali.

Na mimi niliyesoma, niliyekuwa na cheti, niliitazama ile 6:35 kwa macho mawili nikaiona ni sawa. Kwa sababu ilikuwa sawa. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano.

Nilimweleza yote, na nikamwomba radhi kwa kumrudishia kosa kila siku.

Akasema, "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

"Sema tena."

"Si wewe."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, taratibu, akaivaa. "Haya," akasema. "Jumla ikishapotoka hairekebishwi juu yake. Yote yaliyojengwa yafutwe, tuanze upya."

Ndivyo inavyotakiwa kufanywa, na sikuwa nimemfundisha. Aliniuliza ni saa ngapi, akaongeza sita kwa vidole, akaiandikia mashine saa ya masomoni. Akafuta yaliyojengwa. Akahifadhi faili lake upya. Akajenga. Mistari ikapita mmoja baada ya mwingine, na kwenye kila mstari niliona jina la kompaila sahihi. Kiigizaji kikafunguka. Wafanyakazi wanne wakajumlisha, wa tatu akachelewa kidogo, wakamsubiri, jumla ikatoka. Akaitoa karatasi pochini. Alikuwa ameshaijumlisha hesabu ile kwa mkono nyumbani. Zililingana.

Hakupiga kelele wala hakucheka. Aliipapasa kibodi kidogo, kama unavyompapasa mtoto mgongoni akishabeua.

Ijumaa jopo lilikuja saa saba mchana, watu watatu, wamevua viatu wamebaki na soksi. Umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu. Mimi niliambiwa nikae nyuma, nisiseme. Mama aliwasha mashine mbele yao, ikamuuliza saa. Nilimwona mkono wake wa kushoto ukihesabu pajani, kidole baada ya kidole, kisha akaandika 13:10.

Mwenyekiti wa jopo, mzee mmoja mpole, aliitazama programu ikifanya kazi, akamwomba abadilishe wafanyakazi wawe wanane badala ya wanne. Alibadilisha mstari mmoja kwenye faili la mpangilio, akajenga, ikakubali. Wanane wakajumlisha. Jumla ilikuwa ile ile, lakini haikutoka kwa nusu ya muda kama mzee alivyotegemea.

"Umeongeza watu mara mbili," alisema. "Mbona kasi haikuongezeka mara mbili?"

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi.

"Kwa sababu mpokeaji ni mmoja, mzee," alijibu. "Wakiwa wanne wanamaliza kwa zamu. Wakiwa wanane wanasimama foleni kwangu. Ukitaka kasi zaidi, weka mpokeaji msaidizi katikati ya meza. Kule ofisini nilimweka."

Yule mzee aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaandika kingine. "Kule ofisini ipi?" aliuliza, na mama akaanza kumweleza habari za ile meza, na kwa muda mrefu jopo zima lilisahau kompyuta.

Barua ilikuja wiki mbili baadaye. Nilikuwa chumbani peke yangu nikipanga flopi, nikasikia hodi. Mama alikuwa amesimama nje na bahasha ya kaki mkononi, tayari imefunguliwa.

"Mbukwa," alisema, kama alivyozoea kuwasalimu wa kwao.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nisomee mstari wa mwisho."

Alijua kusoma kuliko mimi, lakini niliipokea. Ilisema aripoti kitengo cha kompyuta Jumatatu, saa 1:30 asubuhi. Niliusoma kwa sauti hadi kwenye saa.

"Sasa hiyo," aliuliza, "ni saa ya mashine au saa yetu?"

"Yetu, mama."

"Nimeuliza tu. Nisije nikawagongea usiku wakadhani mwizi."

Aliichukua barua, akaikunja, akaiweka pochini pamoja na ile karatasi ya jumla. Kisha akavua viatu, ingawa hakuwa tena mwanafunzi wetu na siku hiyo hapakuwa na darasa, akaingia, akavuta kiti cha mashine ya tatu kutoka dirishani. Akaiwasha. Tulikaa tukiisikiliza ikinguruma hadi ilipomuuliza saa ngapi, naye akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu, akaijibu.